Mshenga Hatolewi kwa Mlango wa Jikoni

Huku kwetu Goba nyumba inaweza kukosa plasta nje, ikakosa ukuta, ikakosa hata barabara ya kuifikia wakati wa masika, lakini mlango wa mbele lazima uwe wa aluminiamu na vioo. Mninga umepanda bei hadi watu wanaunyoshea kidole kwa mbali. Aluminiamu hailiwi na mchwa, haivimbi kwa mvua, na fundi wake yuko kila kona, amepanga fremu zake kando ya mtaro. Hizo ndizo sababu tunazozitaja. Tusiyoitaja ni kwamba makochi tumenunua kwa mkopo, na mlango wa mbao ungeyaficha.

Wa kwetu una mabawa mawili, vioo kutoka kizingitini hadi juu, vya ile bluu inayoakisi. Baba watoto aliuchagua mwenyewe. Ulipokwisha kufungwa alitoka barazani, akajitazama, akavuta tumbo ndani, akasema nyumba imekamilika.

Mama yake alifika wiki ileile kutoka Pangani. Bi mkubwa huyo amekulia nyuma ya mlango wa mvule, mabawa mawili na mfaa katikati, komeo la ndani nene kuliko mkono wake. Alisimama barazani na mkoba wake, hodi hapigi.

"Karibu mama, ingia."

"Niingilie wapi? Hili dirisha."

"Mama, huo ndio mlango."

Akaugonga kwa kidole chenye pete. Kioo kikalia ting. "Mlango wangu mimi ukiugonga unanyamaza," akasema. "Huu unajibu."

Kabla hata ya kuvua baibui akatutolea ripoti ya usalama ambayo kampuni ya ulinzi ingetutoza pesa nyingi. Akaweka kidole kwenye kioo, kando ya kitasa. "Atavunja hapa." Akaonyesha mkono unavyoingia. "Atapitisha hapa." Akazungusha kile kidude cha ndani cha kufungia. "Atazungusha hiki. Halafu atawasalimu."

Hakukosea hata neno. Udhaifu wa mlango wa vioo haupo kwenye kitasa, upo sentimita chache kando yake. Nunua kitasa cha bei ya friji ukitaka, lakini kama kwa ndani kinafunguliwa kwa kuzungusha vidole viwili, na jirani yake ni kioo cha milimita tano, umemnunulia mwizi kitasa kizuri. Tangu siku hiyo baba watoto alipoteza usingizi, na mimi nikapoteza baraza langu kwa mafundi.

Wa kwanza alikuwa yuleyule fundi wa aluminiamu, safari hii amekuja na somo. Vioo, alisema, ni vya aina tatu. Cha kawaida kikivunjika kinatoa mapanga. Tempa, ambacho ndicho huwekwa ubavuni mwa gari, hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa upepo ghafla. Ngozi yake inapoa na kukaza kabla ya moyo, na kioo kizima kinabaki kimejibana. Ndiyo maana kinastahimili kishindo mara nne hivi ya kile cha kawaida, na kikishindwa kinapasuka chote kwa mpigo, punje punje. Cha tatu ni laminati, kile cha mbele ya gari: vioo viwili vilivyobana utando wa plastiki katikati. Ukikipiga kinapasuka, lakini hakianguki.

Yote hayo ni kweli, na aliyaeleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa fizikia. Ila kuna kifungu kimoja cha somo alikiruka: tempa hukatwa kwanza, ndipo ikapikwa. Ikishapikwa haikatwi tena.

Kioo kilikuja kutoka mjini kwa guta, kimevikwa mablanketi, na muhuri mdogo kwenye kona. Baba watoto aliutilia shaka muhuri ule. Muhuri mtu yeyote anaweza kuuweka, akasema, na yule muuzaji alikuwa anaapa mno. Kikapimwa kwenye fremu. Kimezidi kwa upana wa kidole.

"Usiwe na wasi, bosi," akasema fundi, akitoa kikatio na rula. "Napunguza kidogo tu."

Mzee wa guta, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, aliondoka taratibu akaenda kusimama nyuma ya mwembe.

Fundi akachora mstari. Kimya. Akachora tena, akakandamiza ukingoni, na hapo ndipo pabaya zaidi, maana tempa ina kifua kigumu na kingo dhaifu. Nilitegemea mlio wa kioo kuvunjika; nilichosikia ni kama gunia la mchele limemwagwa sakafuni. Fundi akabaki ameshika rula peke yake. Hakuchubuka sana, kwa sababu punje zile hazina makali ya panga. Mzee wa guta akarudi kudai nauli yake.

Na baba watoto? Aliinama, akaokota punje moja, akaiangalia kwenye mwanga, uso ukang'aa.

"Kumbe yule muuzaji ni mkweli," akasema.

Hatujawahi kupata uthibitisho wa ubora wa bidhaa ulio wazi namna ile, wala wa bei mbaya namna ile. Kila nikifagia baraza, hadi leo, naokota vipande vya uaminifu wa yule muuzaji.

Tukahamia laminati. Hii nayo ilianzia kwenye ajali. Mwanakemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, chupa ya maabara ilimponyoka, ikapasuka isitawanyike, kwa kuwa dawa iliyokuwemo ilikuwa imekauka na kuacha utando ndani. Mwaka 1909 akachukua hataza ya kioo cha aina hiyo. Namheshimu sana mtu yule. Mimi chupa ikiniponyoka natafuta wa kumsingizia.

Laminati ina bei yake, kwa hiyo pesa zilitosha vioo vinavyopakana na kitasa tu. Mwizi wetu, kwa hesabu za baba watoto, angekuwa mtu wa utaratibu: atakuja mbele, atavunja kile tulichomtayarishia, atakuta hakianguki, ataomba radhi na kuondoka. Kwamba angeweza kusogea hatua moja, akavunja cha kawaida cha pembeni, akapita mzima mzima na begi lake, hilo halikuwemo kwenye hesabu mpaka mama mkwe alipopiga simu kuulizia maendeleo.

Vya pembeni basi vikapewa stika. Zipo stika za urembo na zipo za usalama, nene zaidi, na za usalama zina kazi moja ya kweli: haziwezi kuzuia kioo kupasuka, ila zinashika vipande, mwizi abaki akisukuma na kupiga kelele muda ambao hakuupangia. Lakini lazima stika ishikwe na fremu kwenye kingo. Ikiishia njiani, kioo chote kinasukumwa kikatoka pamoja na stika yake, kizuri, kimeshikamana. Kijana aliyetuwekea ni bingwa wa tinti za bajaji. Aliacha uwazi wa kidole pande zote nne ili, alisema, ipendeze. Akaacha na mapovu. Kitinda mimba wetu aligundua kwamba mapovu hutobolewa kwa pini, na likizo nzima ya Juni hakumsumbua mtu.

Sasa nije kwenye ile bluu.

Mchana, ukikaa sebuleni, unamwona kila apitaye, naye anajiona mwenyewe. Kuna raha yake. Nimewatazama wasichana wa sekondari wakitengeneza nywele hatua mbili kutoka kochi langu, bodaboda akikagua meno, na mtu mzima mmoja mwenye suti akifanya mazoezi ya kutabasamu kabla ya kwenda kwenye harusi ya jirani. Alijaribu tabasamu la meno, akaliacha. Akajaribu la midomo, akaridhika nalo. Baadaye nilimwona ukumbini analitumia, nikashindwa kumpa mkono bila kucheka.

Usiku mambo hugeuka. Kioo kile hakijui mwenye nyumba ni nani, kinajua upande upi una mwanga zaidi. Wenye mwanga wanajiona, walio gizani wanaona. Jua likizama na taa ya sebule ikiwashwa, sisi tunabaki kujitazama wenyewe, na Goba nzima inatutazama sisi. Fundi alikuwa ametuhakikishia kwamba wa ndani anaona na wa nje haoni. Saa hakutaja.

Aliyetufumbua macho ni mlinzi wa usiku, tunayemlipa kwa kuchangiana na majirani. Asubuhi moja, akikabidhi rungu na tochi, aliniuliza kwa heshima zote: "Samahani mama, hivi yule bwana wa Kituruki atamwacha kweli mkewe?"

Ikabainika kwamba kila siku saa mbili usiku, tukiwasha tamthilia yetu ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, yeye alikuwa akisogeza kiti barazani, mgongo kwa barabara, uso kwa runinga. Hakuona ubaya wowote. Alikuwa na lalamiko moja tu: sauti haifiki vizuri nje, tungeongeza kidogo.

Baba watoto alitaka kumfukuza. Mimi nilimtetea. Mtu anayekodolea macho mlango wako saa mbili mfululizo bila kusinzia, utampata wapi mwingine? Lakini nilikumbuka pia madera niliyokuwa nikivaa jioni, hasa lile lililochanika kwapani, tukaweka mapazia mazito. Siku ya pili yake mlinzi aliomba nyongeza ya mshahara.

Nadhani ni kwenye mapazia hayo nilipoanza kuona mradi huu unakokwenda. Kila tulichoongeza kuulinda mlango kilikuwa kinaficha kile tulichoununulia.

Maana haikuishia kwenye mapazia. Kwa muda wote huo aliyewahi kuushambulia mlango wetu kweli kweli alikuwa mmoja, naye ni jogoo wa jirani. Alfajiri, mwanga ukigusa bluu tu, anamwona mpinzani ndani ya nyumba yetu, kimo kilekile, kilemba kilekile, dharau ileile. Anaruka, anampiga mateke, anamdonoa, anarudi nyuma, anawika kutangaza ushindi. Akigeuka, mshindwa yumo bado, na yeye amesimama wima anatangaza ushindi. Hapo baba watoto alikuwa amebandika kwenye kioo kengele ya kunasa mtikisiko, ya betri, yenye kilio cha kuamsha kata nzima. Ikawa inalia kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Juma la kwanza majirani walitoka na mapanga. La pili walitoka na maneno. Baada ya hapo hakuna aliyetoka. Kengele ikilia wanajigeuza kitandani na kusema "jogoo". Mwizi mwenye akili angehitaji kufanya jambo moja tu, kuamka mapema.

Tulimwendea jirani kwa upole. Akatuuliza kati ya jogoo na kioo nani alitangulia kuhamia Goba. Kwa hiyo vioo vya chini, kwa nje, vikavalishwa maboksi ya friji.

Ndipo ikaja zamu ya grili. Siku zote mimi nilikuwa upande wa grili, na sijabadilika: ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu kwenye mlango wa vioo, weka chuma. Ila chuma kina ratiba yake. Grili huchomelewa kiwandani kwa fundi, likasafishwa, likapakwa rangi, ndipo likaletwa kufungwa. Wa kwetu alikuja na vyuma vyake, mashine yake na miwani ya jua, akachomelea palepale mlangoni. Cheche za grainda si moto mtupu. Ni vipunje vya chuma chenyewe, vya moto mno, na vikigusa kioo vinazama na kuganda humo. Havitoki kwa sabuni wala kwa wembe. Dawa yake ni kufunika kioo kabla ya kuanza. Turubai fundi alikuwa nalo, tena zuri. Alifunikia pikipiki yake.

Mvua ya kwanza iliponyesha, vipunje vikaota kutu, na ile bluu ya baba watoto ikaota surua.

Hilo lilikuwa dogo. Mlango wetu ulikuwa unafunguka kwa nje, na grili lilifungwa nje yake, likiacha nafasi ya vidole vinne. Fundi alipomaliza alirudi nyuma, akaikunja mikono, akatuomba tujaribu. Baba watoto akaingia ndani akasukuma. Kipini kikagonga nondo, mlango ukasimama ukiwa umefunguka kiasi cha kupitisha bahasha.

"Imebana," akasema fundi, kwa sauti ya mtu anayejisifu.

Kwa siku kadhaa tukawa na mlango salama kuliko wote Dar es Salaam: hata wenye ufunguo hatuingii. Tulipita jikoni mpaka fundi wa aluminiamu aliporudi kuugeuza ufunguke ndani. Na hilo, ingawa lilitokana na balaa, lilikuwa jambo jema, kwa sababu mlango unaofunguka nje mara nyingi bawaba zake nazo hukaa nje, na anayeijua kazi yake anashughulika na bawaba, kitasa anakuacha nacho. Sasa bawaba ziko ndani. Bawa moja likifunguliwa linagonga kochi la mkopo, lakini tumelizoea; wageni tunawaambia waingie ubavu.

Tukarudi kwenye ripoti ya mama mkwe, kile kidude cha kuzungusha. Baba watoto alibadilisha moyo wa kitasa, akaweka unaotaka ufunguo nje na ndani. Mwizi avunje, apitishe mkono, apapase mpaka achoke. Hakuna cha kuzungusha. Hapo ndipo tulipogombana kwa dhati, na bado nasimamia nilichosema. Mlango wa namna hiyo usiku wa moto ni ukuta. Namba ya Zimamoto ni 114, lakini kabla hawajafika unahitaji ufunguo, gizani, kwenye moshi, na mtoto mkononi. Ufunguo ukiachwa kwenye kitasa, umeirudisha kazi yote ulikoitoa. Ukifichwa, utawafaa watakaofukua majivu. Lazima ukae mahali pamoja wanapopajua wote, hata mtoto wa mwisho anapafikia, lakini mkono wa mtu aliyesimama nje haupafikii. Mkono wa mtu mzima haufiki mita moja. Mimi nikapima mita moja na nusu kutoka kwenye kioo, nikapigilia msumari ukutani kando ya kabati la vyombo, nikatangaza sheria: ufunguo hauondoki kwenye msumari ila unapofungua au kufunga.

Sheria hiyo waliipenda wote. Kila mmoja aliitumia kumkemea mwenzake.

Sasa basi, binti wa marehemu dada yangu, tunayeishi naye, alipata mchumba, na wazee wa kijana wakatuma salamu kwamba wangekuja kuposa. Wakafika Jumamosi alasiri kutoka Bagamoyo, wazee wanne wa kanzu na kofia, na mshenga mkuu wao ana bakora yenye kichwa cha fedha. Wakaingia ubavu. Barua ya posa ilikuwa kwenye bahasha, bahasha kwenye leso, leso kwenye sinia. Mama mkwe alikuwa amekuja makusudi kuongoza mambo, na mambo yakaongozeka. Wakala maandazi, wakanywa chai, wakauliza kiwango cha mahari, kikatajwa. Mzee wa bakora akakohoa, akasema wamesikia, watakwenda kushauriana na wenzao nyumbani.

Hayo ndiyo majibu ya siku zote, na baada ya majibu hayo watu huinuka. Wakainuka. Mimi nikaenda kwenye msumari. Msumari ulikuwepo.

Dada anayetusaidia kazi alikuwa ameufunga ufunguo kwenye pindo la kanga baada ya kuwafungia wageni mlango, kama alivyoelekezwa, kisha akatoka kwa mlango wa jikoni kwenda kwenye kicheni pati ya rafiki yake Madale, kama alivyoruhusiwa. Tukampigia. Simu ikaita juu ya friji.

Naomba ieleweke kwamba mlango wa jikoni ulikuwa wazi muda wote huo. Kuku walikuwa wanaingia na kutoka. Kila mmoja wetu alijua, na nina hakika wazee wa Bagamoyo nao walihisi upepo. Baba watoto akainama kwenye sikio la mama yake.

"Tuwapitishe nyuma?"

"Thubutu!" akasema mama mkwe, kwa mnong'ono uliosikika Madale. "Mshenga hatolewi kwa mlango wa jikoni. Wakasimulie Bagamoyo kwamba tumewatoa kwa nyuma, wamepita kwenye masufuria? Na mwenyewe mposwaji yuko pale kwenye kigoda na dera, anamenya vitunguu!"

Hilo lilimaliza mjadala. Wazee wakakaribishwa kukaa tena.

Chai ikaja tena. Maandazi hayakuwepo tena, ikaja pilau iliyokusudiwa usiku wetu. Wakala kidogo, kwa tahadhari. Mzee wa bakora alikuwa akiuangalia ule mlango kipande kwa kipande: mapovu, madoa ya kutu, maboksi ya friji, nondo.

"Kwetu sisi," akasema hatimaye, "mwenye binti akitaka jambo liishe haraka, hupunguza masharti. Hafungi mlango."

"Ni usalama wenu tu, mzee wangu," akasema baba watoto.

"Usalama wetu na nani?"

Hapakuwa na jibu la heshima. Magharibi ikaingia, wakasali sebuleni. Taa ikawashwa. Mapazia yalikuwa yamefunguliwa kwa ajili ya ugeni, na hakuna aliyekumbuka kuyafunga. Nikamwona mlinzi anakuja kazini. Akasimama. Akawatazama wazee wanne wa kanzu, mmoja ameshika kipini cha mlango na mmoja amemshika yule bega, wote wanatazama nje wasimwone. Akaenda kuchukua kiti chake, akakiweka palepale pa siku zote, akakaa, akakunja nne.

Ikagonga saa tatu. Wazee wakajivuta kona ya kochi, wakanong'onezana. Mdogo wao alikuwa na basi la kuwahi, wa pili ana sukari na dawa zake ziko nyumbani. Mzee wa bakora akasimama katikati ya sebule.

"Tumeshauriana," akasema. "Kiwango mlichotaja, tumekikubali. Chote. Hatupunguzi hata senti. Sasa tufungulieni."

Na wakati huohuo, wallahi, dada akaingia kwa mlango wa jikoni akiimba, akafungua pindo, akatundika ufunguo kwenye msumari.

Jaribu kuwaeleza watu wa Bagamoyo kwamba hayo mawili hayahusiani. Tulijaribu siku ileile tukiwasindikiza, tukatuma na ujumbe, baba watoto akaandika hata barua. Upande wa bwana harusi hadi sasa jina letu ni "wale wa grili". Mama mkwe haoni la kusikitikia. Anasema hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa mlango ule kufanya kazi.

Katika pilikapilika za kuwatoa, kufuli la grili, la shaba, zito, la bei ya mbuzi, liliachwa likining'inia wazi kwenye pete yake. Asubuhi halikuwepo. Vioo vizima, runinga ipo, makochi yapo na deni lake lipo. Baba watoto alizunguka baraza akitafuta, kisha akampigia mama yake kumweleza. Akasikiliza muda mrefu, akakata simu.

"Anasemaje?"

"Anauliza hilo kufuli tulikuwa tumelifunga na nini."

Siku ya kuleta mahari wazee walirudi wakiwa saba. Tulikuwa tumefungua mabawa yote mawili, grili limeegeshwa wazi kwa tofali, kochi limesogezwa. Waliingia, wakakataa kukaa. Mzee wa bakora akaomba sinia tupu. Nikalikimbilia lile zuri la mama mkwe, nikalitandika kitambaa, nikaliweka mbele yake, nikijua ni la kupokelea pesa. Akalisukuma kwa ncha ya bakora mpaka miguuni mwa baba watoto.

"Mahari tumekuja nayo yote," akasema. "Ila kwanza, ufunguo."